Simu Tatu za Waziri wa Ardhi

Juni 12
Mvua imeanza. Redio imetangaza rasmi kwamba msimu umeingia, kana kwamba sisi huku nje tulikuwa hatulowi.

Juni 14
Kura zimekwisha kuhesabiwa. Chama cha Taifa Jipya wameshinda, lakini wamepungukiwa viti kumi na vitatu vya kuunda serikali. Sisi Chama cha Mashina tunavyo ishirini na kimoja. Basi wale waliokuwa wakituita mbu wa bungeni leo wametuletea sanduku la matikiti, limefungwa utepe. Mheshimiwa Isobe alilitazama akasema, "Setsu, jana tulikuwa mbu, leo tumekuwa wakwe." Nimecheka hadi nikamwaga chai.

Nimemtumikia Isobe Kanzo miaka ishirini na tisa. Simu zake, hotuba zake, misiba na harusi za wapiga kura wake, yote yanapitia mkononi mwangu. Ana miaka sabini na miwili, amechaguliwa mihula minane, hajawahi kuwa waziri hata kwa wiki moja. Vijana wa muhula wa tano wamekwenda wizarani, wamevurunda, wamerudi. Yeye yupo kwenye foleni tu. Kila baraza linapoundwa tunakaa karibu na simu, na kila mara inalia ofisi ya jirani. Ngoja ngoja yaumiza matumbo, na mimi tumbo langu limeuma miaka mingi.

Safari hii naona tutapata. Namtakia kwa moyo wote. Najitakia na mimi.

Juni 17
Wakubwa wanagawana. Baraza lina viti kumi na tisa, ukimtoa Waziri Mkuu. Sisi tumeomba vitatu, wao wanatoa kimoja. Numata, katibu mkuu wa chama chetu, anashinda hotelini akijadiliana na kila jioni anarudi na orodha mpya. Wanawake wasipungue watano. Kaskazini wapate kimoja. Kila kundi ndani ya Taifa Jipya lishibe, na wale wawili waliogombana mwaka juzi wasikae wizara zinazopakana.

"Hilo si baraza," alisema Oguri, dereva wetu. "Hiyo ni kupanga wageni wa harusi. Shangazi mmoja akikaa mbali na chakula, ndoa imevunjika."

Juni 18
Mvua.

Juni 20
Tumepewa viwili! Kimoja ni Ustawi wa Watoto, kitaenda kwa mbunge wetu wa kike kutoka Magharibi. Cha pili ni Ardhi na Miundombinu. Loo, barabara, mito, madaraja, kingo za bahari, vyote chini ya mtu mmoja. Numata alinipigia mwenyewe.

"Bi Hamanaka, ni Isobe. Lakini asimwambie mtu. Na tafadhali, asionekane anataka."

Ndiyo desturi yetu hiyo. Mwenye kuutaka uwaziri hausemi, na anayeusema anaukosa. Mheshimiwa ameshinda kutwa akisoma ukurasa uleule wa gazeti. Mkewe, Mama Fumie, ameleta lile koti refu jeusi la kuapishwa, ili nimpelekee fundi alipanue kiunoni. Mheshimiwa alilishonesha alipokuwa muhula wa tano, na tumbo halikungoja.

"Nilitundike wapi?" akaniuliza.

"Popote waandishi wasipopaona, Mama."

Tumelificha kabatini nyuma ya miavuli, tukacheka kama wasichana wa shule.

Juni 22
Jamani, wazee wetu! Gazeti la mkoani kwetu limeandika asubuhi, "Isobe, Wizara ya Ardhi?" Wazee wa umoja wa wafuasi, ambao mdogo wao ana miaka sitini na nane, hawakuiona ile alama ya kuuliza. Wamekusanyana ukumbini, wamepasua kifuniko cha pipa la pombe kwa nyundo za mbao, wamenyanyua mikono mara tatu wakipiga kelele za ushindi za banzai, wametundika bango "Hongera Waziri wa Ardhi", na mjukuu wa mmoja wao akairusha picha mtandaoni.

Numata amefoka simuni nusu saa nzima.

"Waambie walifunge hilo pipa!"

"Limeshapasuliwa, Mheshimiwa."

"Basi wanywe kimyakimya!"

Tumecheka baadaye, mimi na Oguri. Mheshimiwa hakucheka. Alisema banzai ikipigwa kabla ya simu, simu hukasirika.

Juni 23
Chini ya picha ya wazee mtu ameandika maneno machache: "Waziri wa Ardhi? Ardhi ipi, ile iliyotuzika Kuresawa?"

Hadi jioni watu elfu kumi na moja walikuwa wameyarudia.

Niandike, maana sijawahi kuandika. Miaka kumi na mmoja iliyopita kampuni ya mfuasi wetu mkubwa ilitaka kumwaga kifusi cha ujenzi juu ya kilima cha Kuresawa, bonde dogo lenye nyumba arobaini. Afisa wa mkoa alikataa. Mheshimiwa aliniagiza nipige simu. Nilipiga mara tatu. Baada ya ya tatu kibali kilitoka. Miaka mitatu baadaye, Julai 9 alfajiri, katika mvua kama hizi, kilima kilishuka na kifusi chetu. Walikufa wanne: Miyashita Tatsuo, mtengeneza tofu, aliyekuwa ameamka kuloweka maharage, mzee Sugaya na mkewe, na Haruna, mwalimu wa chekechea, miaka ishirini na minne.

Kila Julai 9 mimi ndiye ninayekwenda Kuresawa kwa niaba ya Mheshimiwa, na ubani na keki za maharage. Hufikia kwa Bi Miyashita Kiyo, mjane wa yule mtengeneza tofu. Hunipa chai na ndimu za chumvi alizosindika mwenyewe. Hajawahi kuniuliza kitu. Nami sijawahi kumwambia.

Juni 25
Numata ameleta fomu za ukaguzi. Hapa bungeni tunauita "kupimwa mwili", kwa kuwa mtu anavuliwa hadi mifupa kabla ya kupewa wizara. Kurasa arobaini. Kesi, wanawake, ndugu, magonjwa, picha za ulevini.

"Mficha uchi hazai," Numata aliniambia. "Andika yote, hata yanayonuka. Nikiyajua mimi kwanza, yana dawa."

Nilimsomea Mheshimiwa swali moja moja. La mwisho lilisema: je, kuna jambo lolote ambalo likijulikana litaiaibisha serikali?

Alitazama dirisha likitiririka maji. "Hakuna," alisema.

Nikaandika hakuna. Mwandiko wangu.

Juni 26
Barua kutoka jarida moja la kila wiki. Wanayo kumbukumbu ya yule afisa wa mkoa. Mistari mitatu, tarehe tatu, na kila mstari unasema: "Simu kutoka ofisi ya mbunge. Mpigaji, Bi Hamanaka." Wanataka majibu kabla ya Julai mosi.

Nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa. Jina la Isobe mwenyewe halimo. Langu limo mara tatu.

Juni 27
Numata ameisoma barua mara mbili, akavua miwani.

"Karatasi inasema Hamanaka," alisema polepole. "Haisemi Isobe."

Tulikuwa watatu chumbani, na wote watatu tunaijua njia hiyo. Ni makatibu wangapi hapa mjini "walifanya wenyewe bila mheshimiwa kujua"? Nimekwenda kwenye chakula cha kuwaaga wawili. Mmoja sasa anauza maua, na mwingine sitaki kumwandika.

"Isobe akianguka, Ardhi inarudi kwao," Numata aliendelea, akimtazama Mheshimiwa lakini akisema na mimi. "Hawatatupa nyingine. Orodha yote itapanguliwa. Na huenda muungano wenyewe ukafa, Bi Hamanaka, kwa ajili ya simu tatu."

Juni 28
Hakuna aliyenisemesha. Mheshimiwa amenitengenezea chai kwa mkono wake, mara ya kwanza katika miaka ishirini na tisa. Ilikuwa mbaya sana. Nimeinywa yote.

Juni 29
Mvua. Mto wa mkoani kwetu umefika alama ya njano ya tahadhari.

Juni 30
Walinisubiri chumba cha ndani, kile chenye mikeka. Mama Fumie alikuwepo, amevaa kimono cha kijivu. Nilipoingia Mheshimiwa alishuka kwenye mto wake wa kukalia, akapiga magoti, akaweka viganja mkekani na paji la uso juu ya viganja. Mtu wa miaka sabini na miwili, mbunge wa mihula minane. Upara wake ulikuwa mbele ya miguu yangu, nikaona alama ya kovu ambayo sikuwahi kuiona.

"Mheshimiwa, inuka, nakuomba."

"Siinuki mpaka unisikilize, Setsu. Nimebakiza muhula mmoja tu katika mwili huu. Nikiipata Ardhi, vilima vyote vya namna ile nitavifunga mimi. Sheria nitaiandika mimi. Wale wanne hawatakuwa wamekufa bure."

"Na mimi?"

"Wewe hutalala njaa siku hata moja. Naapa."

"Sikuuliza chakula."

Kichwa chake kilikuwa bado chini. Hapo Mama Fumie akasema, kwa sauti ile ile anayotumia kuniuliza kama mvua itakatika, "Wewe huna watoto, Setsu. Hakuna wa kutaniwa shuleni."

Nimeyaandika vilevile alivyoyasema. Hakukusudia ubaya, nadhani. Ndiyo maana yameniuma zaidi.

Barua ilikuwa tayari, imeshapigwa chapa. Ilisema mimi, Hamanaka Setsuyo, nilipiga simu kwa hiari yangu, nikitumia jina la mheshimiwa bila ruhusa, na kwamba hakujua hadi leo. Nilitoa mkobani muhuri wangu wa jina, ambao kwetu ndio sahihi. Ungeniuliza kwa nini, ningesema kwa ajili ya ile sheria ya vilima. Ungeniuliza mara ya pili, ningesema sikujua namna ya kusimama pale huku yeye amelala chini. Mara ya tatu ningesema ukweli: niliutaka uwaziri wake kuliko alivyoutaka yeye, na sikutaka miaka yangu ishirini na tisa iwe ya mbunge wa foleni.

Nikagonga muhuri. Mama Fumie akaukausha wino kwa pumzi yake.

Julai 1
Barua imetoka kwa waandishi saa mbili asubuhi, na kujiuzulu kwangu pia. Saa nne kulikuwa na kamera sita chini ya jengo ninamoishi. Jirani yangu, tuliyeishi naye miaka kumi na minne, amenipita kwenye ngazi akitazama ukuta.

Jioni Oguri alikuja na mfuko wa wali wa kufungwa na samaki. Alikaa kwenye kizingiti, hakutaka kuingia.

"Dada Setsu, siku ile alipokuagiza simu, ndani ya gari, nilikuwa mimi usukani."

"Najua."

"Nilisikia."

"Ulisikia nini, Oguri?"

Akaangalia viatu vyake. "Sikusikia kitu, Dada. Nimebakiza miaka miwili nistaafu."

"Basi hukusikia," nilimwambia. "Rudi nyumbani, utalowa."

Julai 2
Nimelala.

Julai 3
Nimelala. Gazeti linaniita "Katibu wa Kifusi".

Julai 4
Baraza limeundwa leo. Nimeangalia yote kwenye televisheni, peke yangu, nimevaa nguo za kazi. Sijui kwa nini nilizivaa.

Simu ilimlilia saa saba na dakika arobaini. Kamera zilikuwa ofisini kwetu. Niliiona meza yangu, mtu ameweka chombo cha maua juu yake. Mheshimiwa alipokea simu akiinama kwa kila neno, kana kwamba Waziri Mkuu yumo ndani ya waya. Wazee wa mkoani wakanyanyua mikono, na safari hii banzai ilikuwa halali.

Saa tisa wakasoma orodha. Kumi na tisa. Wanawake watano, kama walivyokubaliana. Wa kaskazini mmoja. Wagombanao wawili wametenganishwa kwa wizara nne katikati. Kila jina lilikaa mahali pake, na kulifikisha hapo kumegharimu usingizi wa watu wengi. "Ardhi na Miundombinu, Isobe Kanzo, Chama cha Mashina." Kisha kuapishwa Kasri la Mfalme, kisha ile picha ya desturi ya baraza zima ngazini. Alisimama mstari wa pili, kushoto. Koti lilimkaa vizuri kiunoni.

Nilisimama katikati ya chumba nikapiga makofi. Naliandika hili nisije nikajidanganya baadaye. Nilipiga makofi.

Usiku waandishi walimuuliza habari za Kuresawa. Akasema ni jambo la kusikitisha sana, hakujua, na kosa lake ni moja: "Nilimwamini yule mama kupita kiasi."

Hilo la kupita kiasi halikuwamo kwenye barua. Amelitunga mwenyewe, papo hapo, bila kupepesa. Mie hotuba zake nimeziandika miaka ishirini na tisa nikidhani hawezi kutunga sentensi.

Julai 5
Mvua kubwa. Nimeitafuta katika magazeti matano ile sheria ya vilima. Ameulizwa vipaumbele vyake: reli ya mwendo kasi, viwanja vya ndege, daraja la mkoani kwetu. Vilima hakuvitaja.

Julai 7
Numata amepiga simu.

"Bi Hamanaka, tarehe tisa Waziri atakwenda Kuresawa mwenyewe. Ataomba radhi mbele ya familia. Serikali nzima inaliangalia jambo hili. Wewe usikanyage huko."

"Nimekwenda miaka saba, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo umeshakwenda vya kutosha."

Nikamuuliza ataomba radhi kwa kosa gani. Akakohoa kidogo. "Kwa kosa lako," akasema.

Julai 8
Nimekata tiketi ya treni ya kwanza. Nimeirudisha. Nimeikata tena.

Julai 9
Naandika nikiwa kwenye treni ya kurudi, atakayesoma anisamehe mwandiko.

Nilifika Kuresawa saa moja kasoro. Mvua ilikuwa nyembamba. Bi Kiyo alikuwa akisukuma maji ya kizingitini kwa ufagio. Aliniona, hakuacha kufagia.

"Umekuja."

"Nimekuja, Mama."

"Mwaka huu mikono mitupu."

"Nimeona keki si vizuri."

"Si vizuri," alikubali. Akaegemeza ufagio ukutani. Ana miaka sabini na sita, mdogo wa umbo, mikono yake bado imepauka kwa maji ya tofu ingawa duka halipo. "Zile simu ulipiga?"

"Nilipiga."

"Tatu?"

"Tatu."

"Kwa hiari yako, kama barua ilivyosema?"

Njia nzima kwenye treni nilikuwa nimejiandalia maneno. Nilikuwa hata sijaamua ni yapi, ya kweli au yale yenye muhuri. Yote yakanitoroka. "Hapana," nilisema. "Aliniagiza."

"Najua," alisema Bi Kiyo.

Nikamuuliza amejuaje.

"Yule afisa wa mkoa alikuja kunililia hapa wiki ileile ya mazishi. Akanitajia jina lako. Miaka saba nakunywesha chai, Setsu. Kila mwaka nakukaribisha, nakumiminia, nasema moyoni, labda mwaka huu atasema. Unakunywa, unasifu ndimu zangu, unainama, unaondoka kuwahi treni."

Nikaanza kulia. Akaninyooshea kidole, si kwa ukali, kama unavyomwonyesha mgeni mahali pa kuvulia viatu.

"Hapa usilie. Hapa wanalia wenye haki ya kulia."

Nikajifuta.

"Na sikiliza vizuri. Yeye aliagiza, lakini sauti ilikuwa yako. Usije ukadhani ukimtaja yeye, wewe umetoka."

"Sidhani, Mama."

"Basi ingia ule kitu. Anakuja saa nne. Utakaa na sisi."

Ukumbi wa kijiji ulikuwa na watu kama ishirini, ndugu wa wale wanne, wamekaa kwenye mikeka. Picha nne mbele, maua meupe. Mama yake Haruna aliponiona aliinuka akahamia upande wa pili. Hakuna mwingine aliyesema kitu, kwa sababu Bi Kiyo alinikalisha ubavuni mwake.

Saa nne kamili magari yakafika. Kamera ziliingia kwanza, zikajipanga ukutani, kisha yeye. Suti nyeusi, tai nyeusi, uso ule ninaoujua, uso wa misibani, niliomfundisha mimi mwenyewe mwaka wake wa kwanza: macho chini, midomo imefungwa, hatua fupi. Nyuma yake Oguri, ameshika mwavuli unaochuruzika. Mheshimiwa alipiga magoti mbele ya zile picha nne, akaweka viganja mkekani.

"Mheshimiwa Waziri," alisema Bi Kiyo, "kabla hujainama, kuna mtu hapa."

Akageuza kichwa. Aliponiona hakushtuka. Alitabasamu kwa huruma, wallahi, kwa huruma. "Bi Hamanaka," alisema, "pole. Umechoka sana." Na kwa waandishi, kwa sauti ya chini lakini ya kusikika: "Amepitia mengi siku hizi. Muwe wapole naye."

Bi Kiyo akanigusa goti. Nikasema.

Nilisema ilikuwa mwezi wa kumi, ndani ya gari, tukielekea uwanja wa ndege. Nilisema Mheshimiwa alikuwa akila mkate wa mayai. Alisema, "Wapigie. Waambie Isobe anasubiri, na Isobe hapendi kusubiri." Nikapiga. Afisa akaniambia kilima kina maji chini, kifusi hakitakaa. Nikamweleza Mheshimiwa, neno kwa neno. Akajibu, "Maji yapo kila mahali. Piga tena." Nikapiga tena, na wiki iliyofuata nikapiga tena. Nilijua habari za maji. Yeye alijua habari za maji. Barua niliyoitia muhuri ni ya uongo, isipokuwa jina langu.

Mvua juu ya bati.

"Mama huyu ni mgonjwa," alisema Mheshimiwa.

"Dereva nilikuwa mimi," alisema Oguri kutoka mlangoni. Sauti ilimtoka nyembamba, kama ya mtu aliyekabwa. "Mkate ule niliununua mimi. Nilisikia yote."

Nilimtazama Isobe Kanzo. Nilitaka nione kama atazitazama zile picha nne, hata moja, hata kwa kuibia. Alikuwa akitazama kamera, moja baada ya nyingine, akihesabu zipi zina taa nyekundu. Hapo ndipo nilipomjua. Imenichukua miaka ishirini na tisa, na nimejionea aibu kuliko siku ya muhuri.

Wakamtoa. Waandishi wakamfuata kwenye mvua wakipiga kelele za maswali, na ukumbi ukabaki na wenyewe. Hakuna aliyenishika mkono wala aliyenitukana. Mama yake Haruna alikuwa bado amegeukia ukuta. Nikaona vikombe vya chai vimetapakaa mikekani, nikaanza kuvikusanya nivioshe, maana mimi mikono yangu haijui kukaa bure. Bi Kiyo akaniondolea kikombe mkononi.

"Umesema," aliniambia. "Vizuri. Sasa nenda. Hapa wanabaki wenye watu wao."

Nikavaa viatu.

Julai 10
Simu imelia mara thelathini. Mama Fumie ndiye pekee niliyempokea. Alisema neno moja, ambalo sikudhani mwanamke yule analijua, akakata.

Julai 12
Wapo wanaoniita shujaa magazetini. Ni walewale wa "Katibu wa Kifusi".

Julai 13
Isobe amejiuzulu saa tatu asubuhi. Waziri wa siku tisa. Saa nane mchana Numata mwenyewe ameapishwa kushika Ardhi na Miundombinu, na wanasema muungano haujatikisika. Redio imetangaza msimu wa mvua umekwisha.

Jioni wameonyesha picha mpya ya ngazini. Wamesogea kidogo, mabega yamegusana, pengo halionekani. Nimewahesabu kwa kidole kwenye kioo cha televisheni. Ukimtoa Waziri Mkuu wako kumi na tisa, kama zamani. Imewachukua saa tano. Kuresawa ni mwaka wa nane, na mahali pa Tatsuo, pa Sugaya na mkewe, pa Haruna, hawajapata wa kumweka.